Dawa ya majani kwa ngozi yenye mzio: mwongozo wa kuandaa, kujaribu na kutumia kwa wakazi wa Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho unapofunguka mwezi Oktoba, kuanzia Tandahimba na Newala hadi Ruangwa na Nachingwea, mikono ndiyo huanza kulalamika. Wanaobangua nyumbani hutambulika kwa vidole vyao: ngozi ya ncha za vidole hugeuka nyeusi kana kwamba imepakwa lami, hukakamaa, kisha hubanduka vipande vipande, na kwa baadhi yao muwasho huibuka hadi shingoni na kwenye kope za macho, sehemu ambazo hazikugusa ganda la korosho isipokuwa kupitia vidole hivyo hivyo. Jambo la kwanza ambalo mgonjwa huambiwa na majirani ni kwenda kuchuma mwarobaini. Ushauri huo si mbaya, ila mara nyingi hutolewa mapema mno. Majani yanaweza kutuliza ngozi iliyovimba. Hayawezi kushindana na kitu kinachoigusa ngozi hiyo kila siku. Kwa sababu hiyo mwongozo huu hauanzii kwenye sufuria.

Kutambua unachotibu

Ganda la korosho lina mafuta mazito ya rangi ya kahawia ambayo sehemu yake kubwa ni asidi ya anakadi, pamoja na kadoli. Mafuta hayo huidhuru ngozi kwa njia mbili zinazofanana kwa macho lakini si moja. Njia ya kwanza ni kuchoma: yeyote anayeyashika kwa muda wa kutosha ataungua, na maumivu hayakawii. Njia ya pili ni mzio, ambao humpata mtu ambaye kinga ya mwili wake imeshajifunza kuyatambua mafuta hayo kuwa adui. Mzio wa namna hii huchelewa. Mtu hugusa leo, na ngozi huanza kuwasha kesho, keshokutwa au mtondo, kwa sababu kazi hiyo hufanywa na chembe nyeupe za damu ambazo huhitaji muda kukusanyika mahali palipoguswa. Ucheleweshaji huo huwapotosha wengi: mtu hulaumu samaki aliyemla jana usiku na kusahau debe la korosho alilolibangua juzi.

Korosho si kisababishi pekee. Unga wa salfa unaopulizwa mashambani kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kati ya Juni na Septemba, huwasha macho na ngozi yenye jasho. Bangili, hereni na vifungo vya suruali vyenye nikeli huacha duara la muwasho pale vinapogusa. Piko, ambayo mabibi harusi hupakwa mikononi na miguuni, hatari yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa: hina halisi ni unga wa majani na mara chache huleta mzio, lakini rangi nyeusi iliyokolea hupatikana kwa kuchanganya dawa ya kutia nywele weusi, na kemikali iliyomo humletea mtu malengelenge yanayofuata mchoro wenyewe, ua kwa ua. Aliyepatwa na hali hiyo mara moja asirudie tena, wala asitumie dawa za nywele za aina hiyo, kwa kuwa mzio huo hudumu miaka mingi na aghalabu maisha yote.

Kundi jingine ni la watu wenye pumu ya ngozi, hasa watoto. Hawa huwashwa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na mara nyingi katika ukoo wao kuna mwenye pumu ya kifua au mafua yasiyokwisha. Ngozi yao hupoteza maji kwa urahisi na kuruhusu vichochezi kupenya, kwa hiyo mafuta ya kupaka ni sehemu ya matibabu yao.

Vitabu vingi husema ngozi yenye mzio huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri; tafuta weusi uliozidi, rangi ya zambarau iliyofifia, vipele vidogo vidogo vinavyoota kwenye vinyweleo, au sehemu iliyopauka na kukwaruza unapoipitishia kiganja.

Kuna hali tatu ambazo hupaswi kuzitibu kwa maelezo haya. Muwasho unaozidi usiku, ulio katikati ya vidole na kiunoni, na unaowapata watu kadhaa wa nyumba moja, ni upele unaoletwa na wadudu. Duara lenye ukingo ulioinuka na katikati iliyopona ni mashilingi, yaani fangasi ya ngozi. Na baka lililofifia rangi, lisilowasha, ambalo ukiligusa kwa ncha ya unyoya mgonjwa hahisi kitu, linapaswa kupelekwa kituo cha afya bila kuchelewa, kwa kuwa ukoma bado upo katika mikoa yetu hii miwili, dawa zake hutolewa bure, na kila mwezi unaopotea kwa kupaka majani ni mwezi ambao mishipa ya fahamu inaharibika.

Kuondoa kisababishi kabla ya kuchuma jani lolote

Mafuta ya korosho hayatoki kwa maji matupu. Aliyeyashika ajipake kwanza mafuta ya kupikia mikononi, ayafute kwa kitambaa atakachokitupa, kisha aoshe kwa sabuni na maji mengi, pamoja na chini ya kucha. Afanye hivyo mara tu anapomaliza kazi, na kabla ya kujifuta jasho usoni au kwenda haja. Kanga au shati lililochuruzikiwa lifuliwe peke yake.

Wabanguaji wengi hupaka majivu vidoleni wakati wa kazi. Majivu hunyonya mafuta, hilo ni kweli, lakini yana asili ya magadi na yakikaa kwenye ngozi yenye nyufa huikausha na kuiunguza zaidi. Kujipaka mafuta ya nazi au ya nyonyo kabla ya kuanza kazi ni bora kidogo, na mipira ya mikono isiyopitisha mafuta ni bora zaidi, mradi ibadilishwe inapotoboka. Mpira wenye tundu huyafungia mafuta ndani pamoja na jasho, na hilo ni baya kuliko mkono mtupu. Wanaokaanga korosho kwa moto kwenye bati lililotobolewa wakae upande unakotoka upepo. Moshi ule mweusi hubeba mafuta yale yale, nao pia huvimbisha kope.

Nini hasa kimo ndani ya jani

Majani yanayosifiwa kwa tiba ya ngozi yana makundi mawili ya viambato vyenye maana kwetu. Tanini, ambazo huufanya mdomo ukakamae unapotafuna jani la mpera, hukaza protini za juu ya ngozi na kupunguza majimaji yanayochuruzika. Flavonoidi, kama kwesetini iliyomo kwenye majani ya mpera na mlonge, hupunguza katika maabara utoaji wa histamini na vichochezi vingine vya uvimbe. Jani la mwarobaini lina pia nimbolidi, ambayo imeonyesha uwezo wa kupunguza uvimbe na kuzuia baadhi ya bakteria.

Ni vyema kujua majaribio hayo hufanywaje, kwa sababu matangazo ya dawa huyataja bila kuyaeleza. Kwa kawaida panya hunyolewa mgongo, hupakwa kemikali iitwayo DNCB ambayo huamsha mzio kwa makusudi, kisha hupakwa au kunyweshwa dondoo la majani, na watafiti hupima unene wa sikio au wa ngozi na kuhesabu chembe za mzio chini ya hadubini. Majani ya mpera na ya mlonge yamepita katika majaribio ya namna hiyo na matokeo yalikuwa mazuri. Lakini dondoo la maabara mara nyingi hutolewa kwa alkoholi kali na kukaushwa hadi likawa unga uliokolea, na ngozi ya panya ni nyembamba kuliko yetu. Majaribio kwa binadamu wenye mzio wa ngozi ni machache mno. Kwa hiyo anayekuambia kuwa jani fulani limethibitishwa kuponya pumu ya ngozi anakuuzia kitu. Kinachoweza kusemwa kwa haki ni kwamba maji ya majani yenye tanini, yakiandaliwa kwa usafi, hupoza muwasho na kukausha ngozi inayotoa majimaji, na kwamba mafuta mazuri hurudisha ulaini uliopotea. Kwa mzio mdogo hilo linatosha.

Majani ya kuchukua na ya kuacha

Chukua mpera, majani machanga ya ncha za matawi, kutoka mti usiopulizwa dawa na ulio mbali na barabara yenye vumbi. Asiye na mpera atumie majani makavu ya chai kutoka dukani, nayo ni majani, yana tanini nyingi, na kitambaa kilicholowekwa kwenye chai nyeusi iliyopoa hutumiwa hata na madaktari wa ngozi wa Ulaya kwa mzio wa uso. Wengine huona aibu kutibiwa kwa chai. Mimi huona ni afadhali kuliko kuhangaika porini. Kwa ngozi kavu chukua mwarobaini. Mshubiri unafaa pia, kwa masharti nitakayoyaeleza.

Usichukue jani wala gome la mkorosho, hata kama limetumika kwa tiba nyingine tangu zama za mababu, na usichukue la mwembe. Miti hii miwili ni ya familia moja, na utomvu wa mwembe una viambato vinavyokaribiana na vya ganda la korosho, kiasi kwamba aliyepata mzio wa korosho huweza kuwashwa midomo kwa kumenya embe kwa meno. Acha pia mnyaa na mbono kaburi, ambavyo utomvu wake huunguza ngozi na unaweza kudhuru macho vibaya. Acha utomvu wa mpapai. Maji ya limau na ndimu yakipakwa halafu mtu akatoka juani, huacha malengelenge na mabaka meusi yanayodumu miezi. Watoto wachanga wasipakwe hina kwa ajili ya upele, kwa sababu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao si wachache katika maeneo yenye malaria, huweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu.

Kuandaa maji ya mpera

Pima gramu 30 za majani mabichi, ambazo ni takriban konzi moja iliyojaa, na nusu lita ya maji safi. Katika maeneo ya pwani ambako visima vina chumvi, tumia maji ya mvua au ya bomba, kwa kuwa chumvi huchoma ngozi yenye michubuko. Osha majani mara mbili, jani kwa jani, ukiangalia upande wa chini ambako wadudu hujificha. Yachane kwa mikono. Hakuna haja ya kutwanga, kwa sababu kinu cha jikoni hubaki na pilipili na vitunguu hata kikioshwa.

Chemsha maji kwanza, tia majani, funika, kisha punguza moto uendelee kutokota kwa dakika 10. Mfuniko una kazi: huzuia maji yasipungue na dawa isikolee kupita kiasi. Ipua, acha ipoe ikiwa imefunikwa, halafu chuja kupitia kitambaa cha pamba kilichochemshwa na kukunjwa mara nne. Maji yanayofaa huwa na rangi ya chai ya rangi na yakionjwa kwa ncha ya ulimi hukaza. Yakiwa meusi na machungu sana, yaongezee maji yaliyochemshwa.

Maji haya hayana kihifadhi chochote. Katika joto la Mtwara la Novemba bakteria huanza kuzaliana ndani yake baada ya saa chache, na kuyapaka kwenye ngozi iliyochubuka ni kuipandikizia jipu. Andaa asubuhi, mwaga jioni. Mwenye jokofu anaweza kuyaweka hadi kesho yake, si zaidi.

Atakayetumia chai atie vijiko viwili vya chai vya majani makavu katika nusu lita ya maji yanayochemka, aache kwa dakika 15 na kuchuja. Bila sukari, bila tangawizi.

Kuandaa mafuta ya mwarobaini

Hapa maji ni adui. Majani mabichi yakitiwa kwenye mafuta hutoa unyevu, na baada ya siku chache mafuta hufanya ukungu. Kwa hiyo anika majani kivulini, mahali penye upepo, hadi yavunjike yanapofikichwa. Mara nyingi siku tatu hadi tano hutosha wakati wa kiangazi, na wakati wa masika ni heri kusubiri. Fikicha gramu 20 za majani hayo makavu, uyatie kwenye chupa au kopo la kioo lililokauka kabisa, mimina mililita 200 za mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi yaliyotolewa nyumbani yanafaa iwapo yamepikwa hadi maji yote ya tui yamekauka. Dalili yake ni kwamba mlio wa kuchemka umekoma na machicha yamegeuka rangi ya kahawia. Ufuta, ambao Lindi tunaulima kwa wingi, hutoa mafuta mazuri, lakini ufuta wenyewe huleta mzio kwa baadhi ya watu, na sioni sababu ya kuongeza kisababishi kingine.

Weka kopo ndani ya sufuria yenye maji hadi nusu ya kimo cha kopo, juu ya moto mdogo, kwa saa moja hadi mbili. Mafuta yapate joto bila kuchemka wala kutoa moshi. Chuja yakiwa vuguvugu kwa kitambaa kikavu, kamua, yaache yatuame, kisha yamimine kwenye chupa nyeusi na ubandike karatasi yenye tarehe. Yatumike ndani ya miezi miwili, na yamwagwe mapema zaidi yakianza kunuka vibaya.

Mafuta haya si yale yanayokamuliwa kutoka mbegu za mwarobaini, ambayo ni makali zaidi. Yote mawili hayanywewi. Watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu wamewahi kupata degedege na kudhurika ini na ubongo. Chupa ikae mahali pa juu.

Mshubiri

Kata jani nene la chini, lisimamishe kwenye bakuli kwa dakika 15 ili utomvu wa njano uchuruzike wote, kwa kuwa una aloini inayowasha. Osha, menya, chukua ute mweupe unaong'aa pekee, na utumie siku hiyo hiyo. Mishubiri ya porini ni ya jamii nyingi na si yote iliyo salama. Tumia ile iliyopandwa nyumbani ambayo unaijua.

Kujaribu kabla ya kupaka

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayotofautisha tiba na bahati nasibu. Mtu mwenye mzio anaweza kupata mzio mwingine kutokana na jani lenyewe. Chagua sehemu nzima ya ngozi upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, yenye upana wa sarafu. Paka dawa mara mbili kwa siku, mahali pale pale, kwa siku saba. Kupaka mara moja na kuangalia baada ya saa moja hakutoshi, kwa sababu iliyoelezwa mwanzoni: mzio wa ngozi huchelewa. Pakianza kuwasha, kuvimba au kutoa vipele, acha dawa hiyo moja kwa moja na usiijaribu kwa mwanao. Katika wiki hiyo ya kusubiri, ngozi inayougua ipozwe kwa maji baridi na, pale isipotoa maji, ipakwe vaselini isiyo na manukato.

Kutumia

Kanuni ya zamani ya tiba ya ngozi ni kwamba panapotoa maji hutibiwa kwa kitu chenye maji, na palipokauka hutibiwa kwa mafuta. Anayepaka mafuta juu ya malengelenge yaliyopasuka huyafungia majimaji ndani, na anayekanda kwa maji ya mpera ngozi iliyokwisha kupasuka kwa ukavu huizidishia nyufa.

Panapochuruzika, lowesha kitambaa safi cha pamba, kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa na kuchemshwa kinafaa sana, katika maji ya mpera yaliyopoa. Kikamue hadi kiache kudondosha, kikiwa bado kizito mkononi. Kitandaze juu ya sehemu yenye mzio kwa dakika 15 hadi 20, ukikilowesha upya kinapopata joto, mara tatu kwa siku. Usisugue. Malengelenge mazima usiyatoboe. Kwa kawaida baada ya siku mbili au tatu ngozi huacha kutoa maji; hapo ukandaji ukome, hata kama unakupa raha.

Ngozi ikishakauka, hamia kwenye mafuta ya mwarobaini. Oga kwa maji ya kawaida kwa muda mfupi, jifute kwa kugusagusa, na ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, paka tabaka jembamba. Rudia jioni. Mafuta yasikaribie macho. Mama mjamzito na anayenyonyesha watumie maji ya chai na vaselini na kuuacha mwarobaini. Vivyo hivyo mtoto aliye chini ya miaka miwili.

Kama umepewa krimu ya haidrokotisoni hospitalini, itumie kama ulivyoelekezwa na usiichanganye na majani kwenye kopo moja. Mzio wa wastani wa korosho unaweza kuchukua wiki mbili hadi tatu kwisha hata ukiondolewa kisababishi, na kupona huko taratibu si dalili kwamba dawa imeshindwa.

Wakati wa kuacha majani

Acha na uende kituo cha afya iwapo uvimbe umefunga macho, malengelenge yamefika sehemu za siri au kinywani, kuna usaha, magamba ya rangi ya asali au homa, au hakuna nafuu yoyote baada ya siku saba. Kubanwa pumzi, midomo kuvimba ghafla au kizunguzungu baada ya kugusa au kula kitu ni dharura ya saa hiyo hiyo. Vituo vya afya vinaweza kukupa rufaa kwenda Ligula mjini Mtwara, Sokoine mjini Lindi, Ndanda au Nyangao, kulingana na unakoishi.

Tahadhari pia na makopo yanayouzwa minadani na stendi kwa jina la dawa ya asili, ambayo huondoa muwasho ndani ya siku moja. Jani halifanyi kazi kwa kasi hiyo. Baadhi ya dawa za namna hiyo huchanganywa kwa siri na steroidi kali, yaani dawa za hospitali za kupunguza uvimbe, kama betamethasoni au klobetasoli, ambazo zikitumika muda mrefu huikondesha ngozi, huacha michirizi isiyofutika, na zikiachwa ghafla mzio hurudi kwa nguvu zaidi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda baraza linalosajili waganga na dawa zao, na muuzaji halali hataudhika ukimwomba akuonyeshe cheti. Ukienda hospitali baada ya kutumia kopo la namna hiyo, nenda nalo, pamoja na tawi la jani ulilokuwa ukichemsha, ili tabibu aone kwa macho yake kilichokuwa kikipakwa.